Modi za gemu kongwe za dunia wazi: jibu kwa mwenye laptopu ya ex-UK

Mdogo wangu wa Kakamega, swali lako nimelisoma vizuri. Una laptopu ya ex-UK, yaani mtumba kutoka Uingereza, Core i5, RAM ya GB 8, haina kadi ya michoro ya pembeni, bando unajinunulia, na unataka kujua uanze na modi gani, yaani nyongeza zinazotengenezwa na mashabiki, kwenye zile gemu kongwe unazotembea popote na kuwa mtu yeyote unayetaka. Umeuliza pia kama uige ile video ya gemu ya Skyrim yenye modi mia kadhaa, ambapo majani yanang'aa na maji yanaonyesha mawingu.

Usiige. Waliotangulia kukujibu wamekutajia modi za sura: ngozi, miti, mwanga, mavazi. Kwa mashine yako hizo zitamaliza RAM na bando, na ukishayazoea majani yale huna jipya la kufanya. Mimi nacheza hapa Nakuru kwa mashine ya aina hiyo hiyo, na msimamo wangu ni kwamba modi ya kutafuta kwanza ni ile inayokuongezea nchi ya kutembea, watu wa kuongea nao na hadithi ya kufuata. Nyingi za aina hiyo ni nyepesi kuliko unavyodhani.

Anza na gemu ya Morrowind. Ilitoka 2002, na kampuni ya Bethesda waliiuza pamoja na programu ya kujengea dunia yake, Construction Set. Aliyenunua gemu alipata na vifaa vya kuiongeza, na ndiyo maana zaidi ya miaka 20 baadaye bado inajengwa. Nunua nakala halali GOG, duka la gemu la mtandaoni, kwa sababu ukishaipakua hapo haihitaji intaneti tena, na bei hushuka sana wakati wa ofa. Kulipa natumia kadi pepe ya M-PESA GlobalPay na haijawahi kunisumbua. Hakikisha nakala yako ina nyongeza zote mbili, Tribunal na Bloodmoon, maana modi nyingi zinazihitaji.

Ukishaipata, usiicheze kwa injini yake ya zamani, yaani programu inayoiendesha gemu. Pakua OpenMW. Hii ni injini iliyoandikwa upya kuanzia mwanzo na watu wa kujitolea, kazi iliyoanza 2008, ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Yenyewe haina gemu ndani: inasoma mafaili ya nakala uliyonunua. Inakwenda kwenye Windows, Linux na Mac. Injini ya zamani inakomea programu-jalizi 255 na inahitaji viraka kadhaa ndipo itulie, lakini OpenMW haina kikomo hicho, na umbali wa kuona unauongeza kwenye mipangilio tu. Kwa michoro ya Intel iliyo ndani ya hiyo Core i5 yako, zima vivuli, punguza maakisi ya maji, kisha ongeza umbali kidogo kidogo huku ukiangalia mashine inavumilia wapi. Ukiona mtu anakushauri uweke Morrowind Code Patch au MGE XE, jua anazungumzia injini ya zamani, wewe hazikuhusu. Na kabla ya kupakua modi yoyote, soma ukurasa wake: ikisema inahitaji MWSE, ambayo ni ya injini ya zamani, haitafanya kazi kwako.

Modi ya kwanza iwe Patch for Purists. Inarekebisha makosa yaliyoachwa kwenye gemu bila kubadilisha mchezo. Hiyo weka usahau.

Ya pili ndiyo iliyonifanya niandike jibu refu hivi: Tamriel Rebuilt.

Gemu yenyewe inakupa kisiwa kimoja, Vvardenfell. Lakini katika hadithi yake, Morrowind ni mkoa mzima wenye bara kubwa linalokizunguka kisiwa hicho, na bara hilo hukuwahi kulikanyaga. Mashabiki walianza kulijenga tangu 2001, gemu ikiwa bado haijatoka, na hawajaacha. Wanatoa kipande kwa kipande, na kila kipande kinachotoka kimekamilika: miji, makaburi, migodi, vyama vya kujiunga, misheni nyingi sana. Mei 2025 walitoa toleo la Grasping Fortune lililoleta mji mkubwa wa Narsis. Eneo lililokwisha kujengwa sasa linakizidi kisiwa cha gemu yenyewe.

Ukubwa peke yake usingenitosha. Ninachokipenda ni kwamba wameshika sauti ya gemu. Morrowind haikuwekei mshale wa kukuonyesha njia. Mtu anakwambia toka nje ya mji, fuata barabara hadi darajani, usivuke, kata kushoto ukiona mlango wa kaburi. Maneno hayo yanaingia kwenye shajara yako, halafu ni wewe na macho yako. Ukivuka kwa meli kwenda bara la Tamriel Rebuilt unakuta mazungumzo ni yale yale: wenyeji wanakutilia shaka kwa kuwa wewe ni mgeni, makuhani wanabishana, wafanyabiashara wa ukoo wa Hlaalu wanakuchekea huku wanakuibia, na maelekezo ya njia yanakutaka usikilize. Mtu asiyeambiwa hawezi kujua mpaka wa kazi ya kampuni na kazi ya mashabiki uko wapi.

Nenda Necrom ukipata nafasi. Ni mji wa wafu ulio pwani ya mashariki, ambako Dunmer, wale watu wa Morrowind wenye ngozi ya kijivu, huwapeleka marehemu wao. Dini yao ni ya kuheshimu mababu, na mizimu ya ukoo inalinda makaburi. Mimi nimelelewa Vihiga, ambako mwili wa mtu hurudishwa bomani hata kama alifia mbali na familia haina nauli, watu wakachanga. Mji ule ulinishika kwa namna ambayo hakuna joka la Skyrim lililowahi kunishika. Walioujenga hawakutujua sisi wa huku, lakini walilichukulia jambo la kuzika kwa uzito wake, na mtu wa magharibi ya Kenya akitembea humo ataona hivyo.

Sasa namna ya kuiweka, maana hapa ndipo wengi hukwama. Unahitaji vitu viwili: Tamriel_Data, ambayo ni ghala la maumbo na picha, na Tamriel Rebuilt yenyewe. Tamriel_Data inatolewa kwa aina mbili, ya kawaida na ya HD. Chukua ya kawaida. Ni ndogo zaidi, na picha zake zinalingana na za gemu ya 2002, kwa hiyo hutaona nyumba moja inang'aa na jirani yake imefifia. Ifungue kila moja kwenye folda yake, nje ya folda ya gemu, kwa mfano D:/Modi/Tamriel_Data. Fungua programu ya kuanzishia OpenMW, nenda sehemu ya Data Files, ongeza folda zote mbili, kisha weka alama kwenye Tamriel_Data.esm na TR_Mainland.esm, ghala likiwa juu na nchi ikiwa chini. Bado hujamaliza. Kuna mafaili ya BSA, yaani vifurushi vya maumbo na picha, yanayokuja na ghala, nayo lazima yawekewe alama kwenye orodha ya Archive Files iliyo hapo hapo. Ukiyaruka, gemu itafunguka, lakini mahali pa nyumba na miti utaona alama za mshangao zimesimama hewani. Ukiona hivyo usiipakue upya kwa bando lako, rudi kwenye orodha ile.

Ghala hilo lina faida nyingine kwa mtu wa bando. Miradi dada miwili inayojenga mikoa ya jirani, Project Cyrodiil na Skyrim: Home of the Nords, inatumia Tamriel_Data hiyo hiyo. Ukishakuwa nayo, kuongeza pwani ya Anvil au milima ya Reach kunakugharimu kiasi kidogo tu. Anvil ile ya Project Cyrodiil ilitoka 2024, na aliyewahi kuitembelea ndani ya Oblivion, gemu iliyofuata Morrowind, ataona mji ule ule ukiwa umepewa mitaa na watu wa kutosha kuitwa bandari.

Jambo moja kabla sijaiacha Morrowind. Utapiga panya kwa upanga mara tatu na upanga utapita hewani, halafu utatafuta modi ya kufanya kila pigo lifike. Iache. Kufika kwa pigo kunategemea ujuzi wako wa silaha hiyo na ule mstari wa kijani wa nguvu, na kukimbia kunaumaliza. Chagua silaha moja tangu unapoandika mhusika wako, tembea badala ya kukimbia ukikaribia adui, na utaona tofauti siku hiyo hiyo.

Oblivion ya 2006 nitaipitia haraka. Tatizo lake linajulikana: maadui wanapanda nguvu pamoja nawe, hadi jambazi wa njiani anayekudai sarafu 100 amevaa silaha na deraya zenye thamani ya jumba. Modi ya Oscuro's Oblivion Overhaul inaliondoa kwa kuyapa maeneo na maadui uzito wao wenyewe, hivyo kuna mapango utayakimbia leo uyarudie ukiwa na nguvu. Ile Remastered ya 2025 isahau kwa mashine yako. Lakini ukiwa na Oblivion ya zamani, pakua Nehrim ya kikundi cha SureAI cha Ujerumani. Ilitoka 2010, ni dunia nyingine kabisa, nchi yake na historia yake, na unapanda ngazi kwa kupata alama za uzoefu. Sauti ni za Kijerumani na maandishi yapo kwa Kiingereza. Mimi nilizoea upesi.

Fallout: New Vegas ya 2010 inastahili subira zaidi, kwa sababu ni gemu yenye hadithi iliyoandikwa vizuri mno lakini iliyoundwa vibaya kiufundi. Kabla ya kitu kingine weka kiraka cha GB 4. Gemu yenyewe imeandikwa kutumia GB 2 tu za RAM, hata kama mashine yako ina 8, na ikifika hapo inaanguka. Ongeza NVTF ya kuondoa kukwamakwama, na YUP ya kurekebisha makosa. Mwongozo unaoitwa Viva New Vegas unakushika mkono hatua kwa hatua, ufuate kama ulivyo bila kuruka. Josh Sawyer, aliyeongoza utengenezaji wa gemu hiyo kule kampuni ya Obsidian, aliwahi kutoa modi yake mwenyewe ya kuibana iwe ngumu na ya haki zaidi, inaitwa JSawyer. Mimi naipenda kwa sababu inakulazimisha uchague unachobeba. Na kama una Fallout 3 pia, pamoja na nyongeza zote za gemu zote mbili, Tale of Two Wastelands inaziunganisha: unaanza Washington na mhusika yule yule anaendelea hadi Nevada.

Skyrim uliyoipenda kwenye ile video haina haja ya modi mia kadhaa. Ina haja ya mbili. Ya kwanza ni The Forgotten City, aliyoitoa Nick Pearce, mwanasheria wa Australia, mwaka 2015. Unaingia kwenye mji ulio chini ya ardhi wenye sheria moja: mkazi mmoja akitenda kosa, wote wanakufa. Unarudi nyuma kwenye wakati kuzuia kosa ambalo hujui nani atalitenda, na kuuliza maswali kuna maana kuliko upanga. Ilishinda tuzo ya chama cha waandishi cha Australia 2016, na 2021 ikawa gemu ya kujitegemea. Ya pili ni Enderal, ya SureAI wale wale, dunia nyingine kabisa. Steam, duka la gemu la mtandaoni, wanaitoa bure kwa mwenye Skyrim. Ni mzigo mkubwa wa kupakua, kwa hiyo ngoja Wi-Fi ya chuo, na chagua ile ya Skyrim ya 2011 kwa kuwa ni nyepesi kwa mashine yako. Inazungumzia hatia na hofu kwa ukomavu ambao sijauona kwenye gemu nyingi za kampuni kubwa.

Ukimaliza zote hizo, kuna Gothic II, gemu nyingine kongwe, na modi ya Archolos iliyotolewa na Wapoland Desemba 2021, kisiwa kizima chenye waigizaji wa sauti wa Kipolandi na tafsiri ya Kiingereza chini. Hiyo inahitaji Gothic II yenye nyongeza ya Night of the Raven.

Kwa gemu zote za Bethesda isipokuwa Morrowind ya OpenMW, tumia Mod Organizer 2, programu ya kupanga modi. Haigusi folda ya gemu, kila modi inakaa kwenye folda yake, na kuiondoa ni kutoa alama. Lakini usiondoe modi katikati ya safari. Faili uliyohifadhi mchezo wako inakumbuka script (maagizo) za modi hiyo, na itaanza kuharibika polepole. Hifadhi kwenye nafasi mpya kila mara, usitegemee ile ya kubonyeza haraka (quicksave). Stima ikipotea gemu ikiwa inaandika faili, na betri za ex-UK tunazijua, faili hiyo huipati tena.

Umeuliza mwishoni kama mtu wa huku anaweza kujiunga na wanaojenga. Anaweza. Tamriel Rebuilt hawaulizi unatoka wapi. Unajenga chumba kimoja kwa Construction Set, unakionyesha, wanakikagua na kukuambia cha kurekebisha, ukifaulu unapewa kazi. Mashine yako inatosha kabisa kwa hilo.

Ukikwama kwenye yale mafaili ya BSA, bandika hapa chini mistari yote ya openmw.cfg yako inayoanza na data, content na fallback-archive. Nitaiangalia jioni nikitoka kazini.