Soketi maalumu za impakti: zipi za kununua na zipi za kuacha

Swali: Shikamoo fundi. Nimenunua mashine ya impakti ya betri, ile inayofungua nati kwa kugonga, yenye mhimili wa mraba wa nusu inchi, na kazi ya kufungua tairi imekuwa nyepesi. Soketi ninazotumia ni zile za kung'aa nilizoanza nazo kazi, na mpaka leo hakuna iliyovunjika. Sasa naona kuna soketi nyeusi za impakti, na juu yake kuna nyingine za kazi maalumu: nzito za puli ya krenki (ile gurudumu ya mkanda iliyo mbele ya injini), nyembamba zenye gamba la plastiki, zenye kiungo cha kupinda, na za kung'oa nati zilizoliwa. Je, kuna haja kweli au ni biashara tu? Na kama haja ipo, nianze na ipi?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Hapo kuna maswali mawili, na majibu yake hayafanani. Soketi nyeusi za kawaida hazina mjadala: kama una mashine, unazihitaji. Zile maalumu ndizo za kupimwa moja moja, na kipimo chake ni bolti unazokutana nazo kazini kwako.

Nianze na hizo za kung'aa, kwa sababu zinanitia wasiwasi. Acha kuzifunga kwenye mashine kuanzia leo. Soketi ya mkono kwa kawaida hutengenezwa kwa chuma cha kromu na vanadi kilichokazwa hadi kikawa kigumu, ili kuta ziwe nyembamba na kona zisiliwe mapema. Ugumu huo unaifaa racheti, ule mpini wa kuzungushia soketi, maana mkono unasukuma polepole. Impakti haisukumi, inagonga, na mashine nyingi hupiga mapigo zaidi ya 2,000 kwa dakika. Chuma kigumu kikipigwa hivyo hakitoi taarifa, kinapasuka. Soketi ya impakti kwa kawaida ni ya kromu na molibdeni, kuta zake ni nene, na imeachwa laini kidogo kwa makusudi. Ikizidiwa, mara nyingi mdomo hutanuka au ufa huonekana kabla haijaachia.

Kwamba hazijavunjika mpaka leo hakunipi moyo. Niliwahi kusimama hatua mbili kutoka kwa mwenzangu akifungua nati ya mm 19 kwa soketi ya kung'aa aliyoitumia miaka mingi. Nilisikia mlio mkavu, kisha kipande kama ukucha wa kidole gumba kikapita na kugonga mlango wa gari la jirani. Rangi ilibanduka mpaka kwenye bati. Alama ile ilikuwa kwenye kimo cha jicho la mtu aliyechuchumaa. Hata soketi isipopasuka, ile kromu ya juu huanza kubanduka vipande vyembamba vyenye makali ya wembe, na vidole vyako ndivyo vinavyoshika pale. Miwani ya kazi vaa kwa vyovyote, hata ukishanunua nyeusi.

Kwa hiyo ununuzi wa kwanza ni seti ya soketi nyeusi za nusu inchi, ndefu, za pembe 6, kuanzia mm 10 mpaka 24. Nasema ndefu kwa sababu zinafika kwenye nati ambayo stadi yake, ile skrubu inayoshika nati, imetokeza, na zinapita kwenye mashimo ya rimu. Pembe 12 ziache, maana zinashika kona za nati kwa eneo dogo na huzila upesi. Isipokuwa pale bolti yenyewe ina pembe 12, kama bolti za ekseli za baadhi ya Volkswagen. Hapo hakuna njia nyingine.

Sasa tuje kwenye zile maalumu. Kila moja iulize: umbo lako linatatua nini ambacho soketi ya kawaida haiwezi? Inayojibu vizuri kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ile nzito ya puli ya krenki, na nataka uelewe kwa nini, kwa sababu ukiielewa hiyo utaweza kuzipima nyingine zote mwenyewe.

Ndani ya mashine kuna nyundo inayozunguka na kugonga mhimili unaobeba soketi. Kila pigo ni la muda mfupi mno. Kabla halijafika kwenye bolti linapita kwenye mhimili, kwenye ekstensheni (chuma cha kurefusha) na kwenye soketi yenyewe, na kila kimoja kinajisokota kidogo kama springi kisha kinarudi. Ongeza na ule uwazi mdogo kwenye kila kiungo. Nguvu iliyoishia kusokota chuma haijafika kwenye bolti. Ndiyo maana mashine ileile inayofungua nati ya tairi kwa sekunde moja inaweza kupiga kelele dakika nzima kwenye puli ya krenki na bolti isisogee, hasa kama umeunga ekstensheni ndefu ili upite kwenye fenda.

Soketi nzito ni soketi iliyozungukwa na pete nene ya chuma. Pigo likifika, pete ile inaanza kuzunguka, na kitu kizito kikishapata mwendo hakikubali kusimama upesi. Kinaipiga bolti kwa uzito wake wote, na kati yao hakuna chuma kirefu cha kujisokota. Ukiitazama kwa jicho haina ajabu yoyote. Lakini Honda nyingi, zenye bolti ya puli ya kichwa cha mm 19, ni maarufu kwa kukataa kufunguka. Mara ya kwanza nilipoitumia, bolti ile ilikuwa imeshanivunjia ekstensheni ya nusu inchi kwa mpini mrefu na bomba. Niliiweka soketi moja kwa moja kwenye mashine, bila ekstensheni, nikabonyeza. Zilipita sekunde chache, mlio ukageuka kutoka kugonga kuwa kunguruma, na bolti ikatoka. Kama unabadilisha mikanda ya taimingi, kazi ambayo mara nyingi hudai puli hiyo itolewe, inunue. Hakikisha tu mashine yako ina nguvu. Ile ndogo ya inchi 3/8 haiwezi kuipa pete hiyo mwendo wa kutosha. Na usifungie nayo. Bolti hiyo inarudi kwa spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha kiwanda cha injini hiyo.

Zenye gamba la plastiki, za 17, 19 na 21, ni za rimu za alumini. Kuta zake ni nyembamba ili ziingie kwenye mashimo finyu, na gamba linazuia chuma kukwaruza rangi. Ukishakwaruza rimu ya mteja mara moja utajua thamani yake. Ila wembamba ule una gharama: nati iliyoshikwa na kutu usiifungulie kwa soketi hiyo. Tumia ya kawaida kama inaingia, uilegeze, kisha umalizie kwa nyembamba. Gamba likichanika, soketi haina tena sababu ya kutumika kwenye alumini.

Kuna nati za tairi zilizovalishwa kofia nyembamba ya chuma cha kung'aa. Kutu ikiingia chini ya kofia, nati inavimba: ya 19 inakataa kuingia, ya 20 inacheza. Kwa hizo zipo soketi za vipimo vya katikati, mm 19.5 na 21.5. Zinasaidia sana, lakini dawa yenyewe ni kumshauri mwenye gari aweke nati za kipande kimoja, la sivyo siku akipata pancha njiani spana ya gari haitaingia.

Za kung'oa nati zilizoliwa, zenye meno ya mzunguko ndani, kuwa nazo. Siku ya shida hutakuwa na muda wa kwenda kuzitafuta. Igonge iingie kwa nyundo kwanza, ikae kabisa, ndipo uwashe mashine. Nati ikitoka ni ya kutupa.

Za nati ya ekseli, 30, 32 na 36, nunua kadiri ya magari unayoyapokea. Kabla ya kuwasha mashine, inua ule ukingo wa nati uliogongwa kuingia kwenye mfereji wa ekseli. Ukiusahau, unang'oa nyuzi za ekseli yenyewe.

Zenye kiungo cha kupinda nazipenda kidogo tu. Kadiri pembe inavyoongezeka ndivyo nguvu inavyopotea, na kiungo kikilegea kinaruka ovyo mkononi. Ninayo ya bolti za juu za gearboksi, na inatoka sandukuni mara chache. Usianze nayo.

Kama unapokea magari ya Ulaya, bolti zake hazitakupa hiari. Utahitaji soketi za nyota za nje kwa BMW, na biti za meno 12 kwa bolti za viungo vya ekseli vya Volkswagen. Kwa hizi biti kosa kubwa si la chuma, ni la uchafu. Tundu la bolti limejaa grisi na mchanga, biti inaingia nusu, unabonyeza, meno yanaliwa. Chokonoa kwa bisibisi nyembamba, puliza upepo, gonga biti mpaka usikie imefika chini. Ndipo uwashe.

Soketi ya sensa ya oksijeni, ile yenye mwanya wa kupitishia waya, iache nje ya mashine kabisa. Mwanya ule hutanuka kwa mapigo. Hiyo ni ya mkono, na injini iwe ya vuguvugu.

Kwako wewe, ambaye kazi kubwa ni tairi, ningefuata hivi: seti nyeusi kwanza, kisha nyembamba tatu zenye gamba, kisha za kung'oa. Ile nzito ya puli inunue wiki unayopokea kazi ya kwanza ya mkanda wa taimingi. Na katika kufunga tairi, mashine iwe ya kusogeza nati tu. Kumalizia ni kwa spana ya torki, Nm (newton-mita) 103 kwa Toyota ndogo nyingi, Nm 108 kwa Honda nyingi.

Hizo za kung'aa usizitupe. Zioshe na uzikague mdomoni na kwenye tundu la mraba. Yenye ufa au kromu iliyobanduka iondoe, zilizobaki zirudishe kwenye racheti.