Usirudi PHP 7.4, huo ukurasa mweupe ni kosa lako lile lile la mwanzo

Mkuu, nimesoma maelezo yako mara mbili. Fomu ya kusajili wanachama inakubali kwenye XAMPP, ile seva ya majaribio ya kwenye lapitopu. Ukaipandisha kwenye seva ya kulipia yenye lugha ya PHP toleo la 7.4, ikawa inaandika "Umesajiliwa" lakini jedwali tupu. Ukahamia 8.1, ukaambulia ukurasa mweupe, na sasa unataka kurudi ulikotoka. Usirudi. PHP mpya haijakuharibia kitu, imekataa tu kukufichia.

Angalia mistari yako hii miwili:

`$conn->query($sql);`
`echo "Umesajiliwa";`

Umetuma amri, halafu ukampa mtu hongera bila kusubiri kanzidata ijibu. Hadi 8.0, amri ikikataliwa mysqli, daraja la PHP kwenda kwenye kanzidata, ilikuwa inarudisha `false` na kunyamaza. Kilio cha samaki, machozi yanaishia majini. Kuanzia 8.1, iliyotoka Novemba 2021, inarusha eksepsheni, yaani taarifa ya kosa inayokatiza kazi, na usipoidaka skripti inafia hapo hapo. Seva nyingi za kulipia zimezima `display_errors`, mpangilio wa kuonyesha makosa kwenye ukurasa, ndiyo maana wewe unaona weupe mtupu. Lakini kosa limeandikwa. Tazama ndani ya folda ilimo skripti yako kama kuna faili linaitwa `error_log`, seva nyingi za cPanel, ile paneli ya kuendeshea seva za kulipia, huliweka hapo. Kama una VPS (seva ya kukodi unayoisimamia mwenyewe) ya Ubuntu yenye Apache, fungua `/var/log/apache2/error.log`. Mimi huwa naacha `tail -f`, amri ya kuonyesha mistari mipya ya faili inapoingia, inakimbia upande mmoja wa skrini, upande wa pili najaza fomu.

Kuna wataokwambia uandike `ini_set('display_errors', 1)` juu ya faili. Inasaidia, ila kama kosa ni nukta-mkato uliyoisahau kwenye faili hilo hilo, PHP haitafika hata kuusoma mstari huo. Na usiuache ukiwa hewani, unawaonyesha wapita njia ramani ya folda zako.

Sasa kwa nini nadhani najua kilichomo kwenye hilo faili. Umesema safu yako ya simu ni `INT(12)`, yaani aina ya namba kamili, na kabla ya kuhifadhi unaondoa 0 unaweka 255. Mkuu, hapo nimepita na miguu yangu.

Mwaka 2019 nilitengeneza mfumo wa kikundi cha kuweka na kukopa, Morogoro. Siku ya mkutano wanachama wakajisajili wenyewe kwa simu zao, kila mmoja akaona "Umesajiliwa", wakapiga makofi. Jioni mweka hazina, mama mtu mzima, akanipigia: "Mwanangu, mbona kwenye orodha yangu hayupo hata mmoja?" Nikamwambia asubiri, mtandao unasumbua. Nilidanganya, sikuwa najua lolote.

Nikafungua lapitopu, nikajisajili, nikaingia. Nikajaribu kwa namba ya mke wangu: "Umesajiliwa". Nikaenda phpMyAdmin kulitazama jedwali, mstari ni mmoja tu, na kwenye safu ya simu kumeandikwa 2147483647. Namba hiyo sijawahi kuiandika maishani mwangu. Ndipo nikaongeza `echo $conn->error;` chini ya ile amri. Lapitopu ikasema: `Duplicate entry '2147483647' for key 'simu'`. Nikafanya hivyo hivyo kwenye seva, yenyewe ikasema: `Out of range value for column 'simu' at row 1`.

Kosa moja, sura mbili. `INT` ya kawaida inaishia 2147483647, basi. Hiyo 12 ya kwenye mabano si idadi ya tarakimu inazobeba, ni upana wa kuonyesha tu, na mimi miaka yote nilikuwa naamini vinginevyo. Namba ya Tanzania ikianza na 255 ina tarakimu 12, imeshapita kikomo mbali sana. XAMPP yangu ilikuwa haina `STRICT_TRANS_TABLES`, ule ukali wa kukataa data isiyoenea kwenye safu, kwa hiyo kila namba iliyozidi ilikatwa ikawekwa kwenye kikomo kile kile. Mtu wa kwanza akapita na namba isiyo yake, wa pili akagongana naye kwa sababu safu ilikuwa `UNIQUE`, yaani haikubali namba kujirudia. Seva ilikuwa na kanzidata ya MySQL 5.7, ambayo tangu 2015 inakuja na ukali huo umewashwa, ikamkataa kila mtu. Kabla ya 255 hukuona shida kwa sababu 07 ikiingia kwenye `INT` inapoteza 0, zinabaki tarakimu tisa, zinaenea.

Andika `SELECT @@sql_mode;` kwenye lapitopu, kisha kwenye seva. Nina hakika majibu hayatafanana. Usiilegeze seva ifanane na lapitopu, ikaze lapitopu. Kisha:

`ALTER TABLE wanachama MODIFY simu VARCHAR(15) NOT NULL;`

Namba ya simu hujumlishi wala hugawanyi, iweke kama maandishi. Zile za tarakimu tisa zilizoingia zamani zinaokoleka:

`UPDATE wanachama SET simu = CONCAT('255', simu) WHERE CHAR_LENGTH(simu) = 9;`

Ila ukiukuta mstari wenye 2147483647, namba ya huyo mtu haipo tena popote kwenye mashine. Mimi niliokolewa na daftari la mweka hazina, la kalamu na karatasi, lenye doa la chai. Nilikaa nalo usiku mzima.

Kuna jambo jingine kwenye hiyo `$sql` yako ambalo litakurudisha hapa wiki ijayo. Unaunganisha jina la mtu moja kwa moja ndani ya alama za nukuu. Atakuja mtu anaishi Mang'ula, au wa ukoo wa Ng'wandu, kile kikoma kitaifunga nukuu katikati na utapata `You have an error in your SQL syntax`. Nimewahi kuona fundi amewaandikia watumiaji "usitumie alama '", eti Mng'ong'o abadili jina la babu yake. Tumia `prepare` na `bind_param`, zinazotuma jina kando na amri. Hilo hilo ndilo litakalomzuia mhuni kuandika amri zake ndani ya fomu yako.

Pia hakikisha herufi. Windows haijali `Wanachama` na `wanachama`, Linux kwa kawaida inaona ni majedwali mawili tofauti.

Leo weka `mysqli_report(MYSQLI_REPORT_ERROR | MYSQLI_REPORT_STRICT);` kabla ya `new mysqli` kwenye lapitopu, bila kujali toleo la PHP, ili makosa yarushwe badala ya kunyamaziwa. Jaza fomu mara mbili kwa namba mbili tofauti, maana mimi ningejaribu mara mbili siku ya kwanza nisingeaibika. Halafu bandika hapa mistari kumi ya mwisho ya `error_log` ya seva. Futa paswedi na namba za watu kwanza.