Reform kuchukua Kent: jibu kwa aliyeuliza kuhusu viza zetu

Mkuu, umeuliza kama matokeo ya udiwani hapa kaunti ya Kent, Uingereza, Mei 2025, ambapo Reform, chama kinachotaka wahamiaji wapunguzwe, kilishinda, ndiyo mwisho wa sisi tulioletwa na viza za kutunza wazee. Nipo Ashford mwaka wa nne sasa, kazi ndiyo hiyo hiyo, na siku ile nilipiga kura.

Ndiyo, nilipiga. Wengi wetu hatujui kwamba Mtanzania, Mkenya au Mganda anayeishi huku kihalali anaruhusiwa, kwa sababu nchi zetu zimo Jumuiya ya Madola. Jirani yangu Mrundi hana bahati hiyo. Nilijiandikisha mtandaoni, nikaenda na pasipoti ya Tanzania, wakaikubali bila maswali. Hakuna foleni, hakuna wino wa kidoleni, penseli imefungwa kwa uzi. Dakika tatu nimetoka, nikabaki nimesimama nje najiuliza kama kweli imeisha.

Kesho yake, Ijumaa, nilikuwa zamu kwa bibi mmoja anayewasha redio tangu alfajiri. Viti 81: Reform 57, Liberal Democrats 12, Conservative 5, Greens 5, Labour 2. Hao Conservative walikuwa wameishika kaunti tangu 1997, na 2021 walipata viti 62! Bibi alizima redio, akaomba chai.

Usidhani Kent nzima iliwapigia Reform. Kura zao hazikufika asilimia 40, ila mfumo ni kama wetu wa kata: anayeongoza anabeba, hata kwa kura moja. Wapinzani wakigawana, yeye anapita katikati. Na viti maalumu hakuna.

Sasa viza. Diwani wa kaunti hana mkono kwenye viza yako, awe wa chama gani. Hilo liko serikali kuu, London. Tarehe 12 Mei, siku 11 tu baada ya uchaguzi, waliotangaza kuufunga mlango wa kuajiri walezi wapya kutoka nje ni serikali ya Labour, chama kilichoambulia viti 2 huku. Julai 22 ukafungwa. Waliokwisha kuwa ndani wakaachiwa waongeze muda. Kwa hiyo uliyekuwa unamwogopa siye aliyefunga mlango.

Kaunti inakugusa kwingine, kwenye mshahara. Wazee wasio na uwezo, ni kaunti inayolipia matunzo yao, na kampuni zetu zinaishi kwa hela hiyo. Bajeti ikibanwa, ziara ya nusu saa inageuka robo saa, na muda wa kuendesha gari kati ya mzee na mzee haulipwi. Mimi hilo nililiona hata enzi za waliotangulia. Kupandisha kodi ya halmashauri nako kuna ukomo: ikifika asilimia 5 lazima waitishe kura ya maoni, na sijaona diwani mwenye moyo huo. Ukitaka kujua kesho yako, fuatilia kikao cha bajeti cha Maidstone, yalipo makao ya kaunti, kila Februari, achana na kelele za boti za wahamiaji wanaovuka bahari.

Halafu nimesoma tena ulichoandika: unasema unaishi Chatham. Mkuu, Chatham iko Medway! Mna halmashauri yenu, na mlichagua 2023, Labour wakaichukua. Uchaguzi huu wala haukuwahusu.