Kukamua nasibu mbele ya adui mwenye kumbukumbu ya kwanta

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba mfuatano wa biti (sifuri na moja) ambao adui anaufahamu nusunusu unaweza kukamuliwa ukatoa ufunguo mfupi wa siri asioujua kabisa. Je, mbinu hizo hubaki salama adui akiwa na kumbukumbu ya kwanta, yaani inayohifadhi hali za kwanta badala ya biti za kawaida?

JIBU: Nyingine hubaki salama, nyingine haziponi. Ukamuaji huhitaji mbegu, yaani biti chache za nasibu zinazochaguliwa baada ya adui kuhifadhi alichokipata, na mara nyingi mbegu hiyo hutangazwa hadharani. Mwenye kumbukumbu ya kawaida huwa ameshaamua aandike nini kabla ya kuijua mbegu. Mwenye kyubiti, yaani biti za kwanta, huziweka bila kuzipima, akaisubiri mbegu, ndipo akachagua kipimo kinachoifaa.

Chukua biti mbili zilizofichwa ndani ya kyubiti moja. Ukiulizwa baadaye mojawapo, yoyote ile, waweza kuitaja kwa uhakika wa takriban asilimia 85, ilhali biti moja ya kawaida haivuki asilimia 75. Pengo hilo laonekana dogo, lakini mwaka 2007 mtafiti Gavinsky na wenzake walionyesha kwamba katika mifuatano mirefu linaweza kuwa kubwa mno: kikamuzi chao, yaani kanuni yao ya kukamua, kilistahimili kumbukumbu ya kawaida, kikashindwa na kumbukumbu ya kwanta iliyo ndogo kuliko hiyo kwa mbali sana. Kwa hiyo uthibitisho wa zamani hauhamishwi hivihivi. Lazima ufanywe upya.

Habari njema, na kwangu ndiyo ya kushangaza zaidi, ni kwamba mbinu kongwe ya hashi, yaani kanuni ya kufupisha mfuatano mrefu, inayochaguliwa kwa nasibu kutoka familia maalumu ya kanuni kama hizo, haikutetereka. Mtafiti Renner alilithibitisha hilo mwaka 2005. Baadaye kikamuzi cha Trevisan, kinachotosheka na mbegu fupi sana, nacho kilithibitishwa.

Kinachobadilika ni namna ya kupima ujinga wa adui: tunauliza ana uwezekano gani wa kukisia mfuatano wote akitumia kipimo bora kabisa cha kwanta. Tuseme uwezekano huo ni 2 kwa kipeo cha hasi 500. Tukitaka ufunguo utofautiane na nasibu kamili kwa kiasi kisichozidi 2 kwa kipeo cha hasi 50, hashi itatupatia takriban biti 400, maana tunapunguza mara mbili ya 50 kutoka 500, mradi mbegu haihusiani kwa vyovyote na kilichomo katika kumbukumbu ya adui.