Kuchagua ukumbi wa karate au judo kwa anayeanza

Dada yangu wa Ujiji, umeuliza utautambuaje ukumbi wa karate au judo unaomfaa mtu ambaye hajawahi kurusha hata ngumi moja. Kabla ya kulipa ada, omba kukaa pembeni jioni moja utazame, na macho yako yamfuate yule wa mkanda mweupe aliyeingia juzi: je, mwalimu anamshika kiwiko na kumrekebisha taratibu, au anamwachia mzoefu ampige? Katika judo, iliyoanzishwa na Jigoro Kano jijini Tokyo mwaka 1882, mgeni hufundishwa kwanza kuanguka, kidevu kikibanwa kifuani na mkono ukipiga mkeka. Ukumbi unaoruka hatua hiyo, tena juu ya saruji tupu, mimi nisingekubali ndugu yangu aukanyage. Siku ya kwanza vaa suruali pana, kata kucha na uvue bangili.