Ndege mweusi msituni: ni mramba au siye?

SWALI: Msitu wa Shimba Hills una ndege weusi tii wanaokaa wima tawini na kudaka wadudu. Hapa kwetu wote huitwa mramba, ingawa mikia yao haifanani. Nitawatofautishaje?
Msomaji, Kwale

JIBU: Wote si mramba. Usianze na mkia, maana ndio unaowapoteza wengi. Anza na jicho, kisha tazama anavyowinda.

Ndani ya kivuli cha msitu, mwenye jicho jekundu na mkia uliopasuka kidogo tu nchani ni mramba wa msituni, kwa jina la kisayansi Dicrurus ludwigii, mwenye urefu wa sentimita 19 hivi. Mramba mkia-panda, D. adsimilis, hufika 25 na hupenda kando ya msitu na mashamba. Huyo mkia wake umeachana kama wa samaki, ila akibadilisha manyoya, yale marefu ya pembeni huwa bado hayajakua, na mkia huonekana karibu umenyooka. Jicho nalo lina mtego wake: mramba mchanga ana jicho la kahawia, na ndege akiwa mbele ya anga jeupe kila jicho ni jeusi. Zunguka mpaka jua liwe mgongoni kwako ndipo uinue darubini.

Jicho likiwa la kahawia iliyokolea na mdomo mwembamba, mfikirie Melaenornis pammelaina, ambaye si mramba. Ni mpole na mkimya, na mara nyingi hushuka kuokota mdudu chini. Mramba hudaka hewani, tena ni mgomvi, hata mwewe hufukuzwa naye. Ukipata picha nzuri ya mkia uliokunjuliwa, hesabu manyoya: mramba ana 10, mwenzake 12.

Wa tatu, naye si mramba, ni dume la Campephaga flava. Pembe za mdomo wake ni za njano au chungwa, mkia wa mviringo, na baadhi wana bega la njano. Huyu hupekua majani taratibu akitafuta viwavi. Akifuatana na jike lenye michirizi na njano mbawani, umemaliza kazi.

Sauti peke yake usiiamini, kwani mramba mkia-panda huiga ndege wengine. Na ukifika Kakamega, yule wa msituni anayefanana na wenu mwandike D. sharpei, vitabu vya zamani vinamhesabu pamoja na ludwigii.