Kwa Wanaosema Ninalipwa Kunywa Chai na Wazee

Mwanangu,

Nimesoma ujumbe wako, na nimeambiwa pia yanayosemwa huko Tanga, kwamba mama yako mdogo analipwa pauni kwa kunywa chai na wazee wa Kiyahudi. Chai ninakunywa, hilo si uongo. Kabla ya chai hiyo huwa nimekwisha kumwogesha bibi wa watu, kumbadilisha nepi na kumbembeleza atoke nje katika baridi ya London aende kwenye mkusanyiko wa wazee wenzake, na muda ninaotumia kutoka nyumba moja hadi nyingine mwajiri haulipi.

Wazee hao ni manusura wa Maangamizi ya Wayahudi, ambamo Wanazi waliua watu wapatao milioni 6. Walio hai leo walikuwa watoto au vijana wakati ule. Wengine waliletwa Uingereza mwaka 1938 na 1939, watoto karibu 10,000 waliopandishwa treni bila wazazi wao, na wengi hawakuwaona wazazi hao tena. Wengine walitoka kwenye makambi ya mateso ya Wanazi mwaka 1945. Serikali ya Uingereza ilitoa kibali cha watoto 1,000, waliofika wakawa 732. Vijana hao hawakuwa na shangazi wala binamu wa kuwaalika arusini, kwa hiyo wakafanyana ndugu, na mwaka 1963 wakaunda chama chao, '45 Aid Society, chenye mkutano wa kila mwaka. Katika nchi nyingine mikusanyiko ya manusura huitwa Café Europa, jina la mkahawa wa Stockholm ambako baada ya vita walikwenda kuulizana nani amemwona nani.

Utasema kwamba klabu yoyote ya wazee ingetosha. Haitoshi. Mwingereza wa umri huo akikumbuka vita hukumbuka mabomu na mgawo wa sukari, na mara nyingi hukumbuka pia siku baba yake aliporudi. Mezani kwa manusura hakuna anayeulizwa kwa nini amefunga kipande cha mkate kwenye leso ili aondoke nacho. Makambi hayazungumzwi sana; wanabishana kuhusu karata, madaktari na keki ambayo wiki hii haina sukari ya kutosha. Wapo ambao kumbukumbu imeanza kuwapotea, Kiingereza kikawatoka na lugha ya utotoni ikarudi, na hapo mzee mmoja wa kuwajibu kwa Kipolandi au Kihangari huwafaa kuliko upole wangu wote. Mimi nimefundishwa nisiwapange foleni na nisiwaharakishe bafuni, maana hayo huwakumbusha makambi, lakini ndugu siwezi kuwa. Wala usidhani kwamba mkusanyiko unaponya: jioni kila mmoja hurudi kwenye chumba chake, na majira ya baridi giza huingia saa kumi.

Kwa hiyo msiniambie tena kwamba Wazungu huwatupa wazee wao. Yaliyowapata manusura sitayalinganisha na yetu, lakini upweke wa bibi yako ninaufahamu, kwa kuwa sehemu yake nimeulipia mimi. Pesa zangu zilijenga ukuta na kuweka geti, na geti hilo limewakatisha tamaa majirani waliozoea kuingia na kuketi barazani bila kungoja kufunguliwa.

Kuhusu safari yako, usije. Tangu tarehe 22 Julai 2025 Uingereza imefunga mlango wa kuajiri walezi wapya kutoka nje, hivyo wakala anayekuuzia kibali cha kazi hiyo ni mwizi, hata kama anaswali safu ya mbele. Ukipata nafasi ya kweli ya kusomea uuguzi, njoo, wala usinisikilize, kwa maana kazi ya kuwatunza wazee ina heshima kuliko nilivyoieleza hapo juu. Ila ukija, niambie kwanza bibi yako atabaki na nani.

Fedha za kupaka rangi ukuta mlizoniomba sitazituma. Nitatuma nauli za bajaji na pesa ya kahawa na kashata, ili kila Alhamisi alasiri uwafuate wenzake wa zamani, hasa wale aliofanya nao kazi kwenye mkonge, uwalete kwake na kuwarudisha kabla ya magharibi. Geti liache wazi. Ukishawapeleka nyumbani, niandikie nani alikuja na nani hakuweza, na wale ambao hawakuweza uende ukawaulize sababu.